Gobole, gongo na Milembe: nani aliamua asiyefaa kushika bunduki?

Hapa Ilembo, na kwingine kote Mpanda, mtu akifanya kituko utasikia, "Huyu wampeleke Milembe." Watu wanacheka, maisha yanaendelea. Jina lenyewe ni Mirembe, hospitali ya afya ya akili iliyoko Dodoma, lakini midomo ya Watanzania imeshaamua kuwa ni Milembe na hakuna wa kuibadilisha.

Ngoja tuuchukulie utani huo kama swali la kweli kwa dakika chache. Tuseme ni kaka yako. Wiki ya pili sasa halali, anasema majirani wanatuma watu usiku wamuue, na gongo anakunywa kuanzia asubuhi. Na juu darini, wewe unajua na mama anajua, kuna gobole aliloacha marehemu babu. Halina leseni, halijawahi kuwa nayo. Utamwambia nani? Mtendaji wa kata? Polisi? Daktari? Na ukishasema, nini kitawapata ninyi?

Ukweli mchungu ni kwamba kwa sheria zetu zilivyo, kuomba msaada hapo ni sawa na kukiri kosa. Ukitaja gobole, umekiri kuwa nyumbani mna silaha haramu. Ndiyo maana familia nyingi hukaa kimya, wanamfunga mgonjwa kamba, wanaita mganga au mchungaji, wanaomba Mungu usiku upite. Si ujinga huo, ni hesabu. Na mizizi ya hesabu hiyo inaanzia karibu kabisa na sisi, Karema.

Karema hadi Brussels

Karema iko ufukweni mwa Ziwa Tanganyika, ndani ya mkoa wetu huu huu wa Katavi. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold II walijenga kituo pale. Mwaka 1885 wakakikabidhi kwa Wamisionari wa Afrika, wale tunaowaita Mapadre Weupe. Pale ndipo alipofanya kazi Adrien Atiman, mtu aliyetekwa utumwani akiwa mtoto kule upande wa Timbuktu, akakombolewa, akasomea udaktari Malta, akafika Karema mwaka 1889 na kutibu watu hadi alipofariki mwaka 1956. Kama kuna mtu wa historia ya tiba ambaye kila mwanafunzi wa Katavi angepaswa kumjua, ni huyo. (Ukipita Karema, uliza habari zake.)

Nchi aliyoikuta Atiman ilikuwa imejaa bunduki. Mwaka 1888 mwakilishi wa Uingereza Zanzibar, Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia pwani ya Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa makuukuu ya majeshi ya Ulaya, yaliyokuwa yakibadilisha silaha zao na kuuza za zamani. Zilipanda na misafara ya pembe za ndovu hadi Unyamwezi na kushuka kwetu. Vijana waliozishika waliitwa rugaruga, wapiganaji wa watu kama Mirambo wa Urambo. Wasafiri wa Kizungu waliwaandika kwa hofu, na karibu kila mara wakaongeza kuwa walivuta bangi. Picha ya kijana, bangi na bunduki imekuwepo katika maandishi kuhusu nchi hii kwa zaidi ya miaka 130.

Hapo nataka nichepuke kidogo. Mjerumani Hermann von Wissmann, huyo huyo aliyekuja kupigana na Abushiri pwani mwaka 1889, miaka michache kabla alikuwa amepita Kasai, Kongo. Huko alikuta watu waliojiita wana wa bangi. Kwao kuvuta pamoja kulikuwa kiapo cha amani, pombe ya mnazi ilikatazwa, na mtu hakutembea na silaha kijijini. Yaani mmea ule ule, huku unahesabiwa chanzo cha vita, kule unahesabiwa dawa ya kuumaliza. Nimelileta hili kwa sababu tutalihitaji baadaye tukifika kwenye takwimu: kilevi peke yake hakikuambii mtu atafanya nini.

Turudi kwenye mstari. Mwanzilishi wa Mapadre Weupe, Kardinali Lavigerie, alizunguka Ulaya mwaka 1888 akihubiri dhidi ya biashara ya utumwa. Kelele zake zilisaidia kuitisha mkutano wa mataifa Brussels, na tarehe 2 Julai 1890 ukatiwa saini mkataba. Wengi hufundishwa kuwa ni mkataba wa kupinga utumwa, na ni kweli. Lakini ukiufungua utakuta ibara kadhaa za silaha na sura nzima ya pombe kali, zote zikihusu Afrika kati ya nyuzi 20 kaskazini na 22 kusini. Mpanda tumo humo, katikati kabisa.

Kuhusu silaha, bunduki za kisasa zenye mifereji ndani ya mtutu zilipigwa marufuku kuingia, isipokuwa kwa serikali na kwa watu waliopewa vibali. Bunduki za gumegume, zisizo na mifereji, pamoja na baruti ya kawaida ya biashara, ziliweza kuruhusiwa kwa masharti. Kwa lugha nyingine, mwaka 1890, kwenye meza moja ya Ulaya, iliandikwa kuwa mzungu atashika bunduki ya kisasa na Mwafrika, akishika kitu, atashika ya kushindilia kwa mdomo. Wahunzi wetu hawakuhitaji kufundishwa. Jirani zetu wa Ufipa walikuwa wakiyeyusha chuma kwenye tanuru refu za malungu tangu zamani. Gobole la leo, la bomba la chuma na kitako cha mti, limeishi muda mrefu kwa sababu nyingi, na moja ni kwamba sheria ilifunga mlango mwingine wote.

Kuhusu pombe, mkataba ulizuia au kutoza kodi pombe kali za kutoka nje. Pombe za kienyeji haukuzigusa.

Angalia kilichofanyika hapo. Silaha na kilevi viliwekwa kwenye karatasi moja, na kigezo cha nani hafai kilikuwa rangi na mahali alipozaliwa. Hakuna aliyeuliza kama mtu fulani ni mgonjwa, mlevi au mkorofi. Bara zima lilihesabiwa kama mtu mmoja asiyeaminika. Mtindo huo haukufa na Wajerumani. Ibara ya 22 ya Mkataba wa Shirikisho la Mataifa wa 1919 inataja kwa pumzi moja utumwa, biashara ya silaha na biashara ya pombe. Waingereza walipokabidhiwa rasmi Tanganyika mwaka 1922, hati yao ya udhamini iliwataka wadhibiti vikali silaha na pombe kali.

Maneno yaliyosafiri kutoka London

Kigezo cha pili, cha akili, kilikuja kwa njia nyingine. Tarehe 20 Januari 1843, Daniel M'Naghten, fundi wa mbao kutoka Scotland, alimpiga risasi mgongoni Edward Drummond, katibu wa Waziri Mkuu Robert Peel. Siku tano baadaye Drummond akafa. M'Naghten aliamini kuwa chama tawala kinamfuatilia kila aendapo. Mahakama ikamwona hana hatia kwa sababu ya wazimu, Malkia Victoria akakasirika, na majaji wakatakiwa waeleze sheria hasa inasemaje. Majibu yao yanaitwa kanuni za M'Naghten: je, alipotenda, ugonjwa ulimzuia asijue anachofanya, au asijue kuwa ni kosa? Swali hilo la mwaka 1843 limo kwenye kifungu cha 13 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania hadi leo. Akihukumiwa mtu wa Ilembo, kivuli cha fundi yule kipo mahakamani.

Lakini kanuni hiyo inauliza baada ya risasi kutoka. Ya kuuliza kabla ilikuja mwaka 1920. Uingereza ilikuwa imetoka vitani, askari wamerudi na silaha, na serikali inaogopa mapinduzi kama ya Urusi. Sheria yake ya bunduki ya mwaka huo ikasema cheti asipewe mtu mwenye tabia ya ulevi, mwenye akili isiyo timamu, au asiyefaa kwa sababu nyingine yoyote kuaminiwa na silaha. Ukifungua Sheria ya Silaha ya Kenya, Sura ya 114, utayakuta maneno hayo karibu neno kwa neno. Kwetu, Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya 2015, iliyochukua nafasi ya ile ya zamani ya Sura ya 223, inataka anayeomba kumiliki silaha awe na akili timamu na asiwe mtegemezi wa kilevi.

Kwenye karatasi ni safi kabisa. Ombi linaanzia serikali ya mtaa au kijiji, linapanda kamati za ulinzi na usalama, linafika polisi. Shida ni kwamba gobole halijawahi kupanga foleni hiyo. Swali la akili na ulevi linaulizwa kwa mwenye pesa za kununua bastola dukani, anayejulikana na kila mtu. Bomba la babu lililoko darini halijaulizwa lolote.

Hospitali nazo? Ya kwanza ya wagonjwa wa akili katika Afrika Mashariki ilifunguliwa na wamisionari wa Kijerumani kule Lutindi, Usambara, mwaka 1904. Mirembe ikafuata miaka ya 1920 chini ya Waingereza, na jirani yake Isanga, kwa wagonjwa waliofika kwa njia ya kesi za jinai. Linganisha miaka hiyo. Udhibiti wa bunduki uliandikwa kwa ajili yetu mwaka 1890. Kitanda cha mgonjwa wa akili kilikuja baadaye, na kikawekwa mbali. Mpaka leo ukitaka kwenda Dodoma kwa treni unatoka Mpanda hadi Kaliua, Tabora, halafu reli ya kati. Reli yenyewe ya Mpanda ilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kwa ajili ya madini ya risasi ya Uruwira, wala si kwa ajili ya wagonjwa. Na ndiyo, risasi ya mgodini na risasi ya bunduki kwa Kiswahili ni neno moja. Sikupanga mimi.

Kumpeleka mtu kwa nguvu

Sheria ya Afya ya Akili ya 2008 ilifuta ile ya zamani, Sura ya 98. Inatambua mgonjwa anayekwenda mwenyewe, na inatambua anayepelekwa bila ridhaa, kwa kupitia ndugu, maofisa na hakimu. Kwenye jinai, Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai inamruhusu hakimu kusimamisha kesi na kumpeleka mshtakiwa hospitali achunguzwe, na daktari anapewa siku 42 kuandika taarifa. Kwa hiyo nguvu ya kulazimisha ipo. Swali letu wanasayansi ni je, inafanya kazi?

Hapa lazima nikupe namba, na nyingi ni za nje. Miaka ya 1980 Marekani ilifanya utafiti mkubwa wa kaya kwa kaya kuhusu magonjwa ya akili. Jeffrey Swanson na wenzake walitumia data hizo mwaka 1990 kuangalia ukatili. Hesabu iliyotokana na kazi hiyo inasema kwamba hata magonjwa makali ya akili yangetoweka yote usiku mmoja, ukatili ungepungua kwa takriban asilimia 4 tu. Iliyobaki, zaidi ya asilimia 90, ni sisi tunaojiita wazima. Mwaka 1998 Henry Steadman na wenzake walifuatilia wagonjwa waliotoka hospitali za akili. Waliokuwa hawatumii vilevi hawakuwa wakatili kuliko majirani zao wasiotumia vilevi. Ulevi ndio uliopandisha hatari, kwa wagonjwa na kwa majirani vilevile.

Sasa kumbuka rugaruga na wale wa Kasai. Jina la ugonjwa halikuambii vizuri nani atapiga risasi, na jina la kilevi peke yake pia halitoshi. Kinachosema zaidi ni mambo ya karibuni: vitisho alivyotoa wiki hii, ugomvi wa jana, kunywa kulikozidi ghafla, kukosa usingizi. Ni mambo yanayobadilika. Mtu huyo huyo akitibiwa miezi mitatu anaweza kuwa mwenzako wa kahawa.

Kuhusu kulazimisha matibabu yenyewe, kuna jaribio la Uingereza lililochapishwa mwaka 2013 na Tom Burns na timu yake. Waligawa kwa bahati nasibu wagonjwa zaidi ya 300 waliokuwa wanatoka hospitali. Nusu waliwekewa amri ya kisheria ndefu ya kuendelea na matibabu wakiwa nyumbani, nusu walipata uangalizi wa muda mfupi tu. Baada ya mwaka, asilimia 36 ya kundi la kwanza walikuwa wamerudishwa hospitali. Kundi la pili? Asilimia 36. Haimaanishi kulazwa kwa dharura hakuna maana. Mtu aliyeshika panga anahitaji kuzuiwa leo, si baada ya semina. Inamaanisha tu kuwa amri ya muda mrefu, yenyewe bila huduma zaidi, haikuongeza kitu.

Kuondoa silaha kwa muda, je? Jimbo la Connecticut, Marekani, lilipitisha sheria mwaka 1999 inayoruhusu polisi, kwa hati ya mahakama, kuchukua bunduki za mtu aliye katika hatari ya kujiua au kuua, bila kusubiri awe na hatia wala cheti cha ugonjwa. Watafiti walichambua kesi 762 za hadi mwaka 2013 na kukadiria kuwa kila bunduki zilipochukuliwa kwa watu 10 hadi 20, kifo kimoja cha kujiua kilizuiwa. Marekani siyo Katavi, najua. Huku sumu za mashambani na kamba zinahusika na kujiua kuliko bunduki. Lakini kanuni inahamishika: ondoa kifaa, kwa muda, kwa tendo lililoonekana.

Mtego wa kukiri

Basi kwa nini isihamishiwe nyumbani kwa kaka yako? Kwa sababu ya lile nililosema mwanzo. Connecticut, bunduki inayochukuliwa kwa kawaida ni ya halali, na anayepiga simu hana cha kuogopa. Hapa anayepiga simu anajitaja kuwa anaishi na silaha haramu. Ukikamatwa nayo, ugonjwa wa kaka yako hauwi utetezi wa mama yako.

Na si bunduki tu. Kujaribu kujiua bado ni kosa chini ya kifungu cha 217 cha Kanuni ya Adhabu, kwa hiyo anayemkimbiza ndugu yake hospitali baada ya kunywa sumu anajua kuna polisi njiani. Mwenye uraibu akisema anatumia, amekiri kosa la dawa za kulevya. Sheria ya dawa hizo nayo ni ya 2015, mwaka uleule wa sheria ya silaha. Mambo matatu, mtego mmoja. Sheria hizi zilizaliwa kama sheria za polisi, kuanzia ile karatasi ya Brussels, na zimebaki zikimtazama anayeomba msaada kama mshtakiwa. Sidhani kuna mtu alikaa akapanga iwe hivyo. Zimerithiwa tu, kama gobole lenyewe.

Ndiyo maana watu wanaanzia pengine. Utafiti wa Dar es Salaam uliochapishwa mwaka 2003 na Ngoma na wenzake ulikuta dalili za msongo, hofu na huzuni kwa asilimia 24 ya waliokwenda kliniki za kawaida, na asilimia 48 ya waliokwenda kwa waganga wa jadi. Mganga haandiki PF3. Haulizi gobole liko wapi.

Lakini tunajua mtego huu unaweza kufunguliwa, kwa sababu tumeshaufungua mara moja. Mwaka 2011 Muhimbili ilianza kutoa methadoni kwa watumiaji wa heroini. Mtu anakuja kila siku, anakunywa dozi yake mbele ya muuguzi, anaondoka. Hakamatwi kwa sababu amekuja. Hakuna aliyefungwa kamba kufika pale, walikuja kwa miguu yao, na huduma ikasambaa mikoa mingine na Zanzibar. Heroini haikuhalalishwa. Kilichofanyika ni kutenganisha mlango wa hospitali na mlango wa kituo cha polisi.

Kwenye bunduki mlango wa namna hiyo hufunguliwa kwa vipindi. Mwaka 2023 Wizara ya Mambo ya Ndani ilitangaza msamaha, kuanzia Septemba 1 hadi Oktoba 31: salimisha silaha haramu, hutashtakiwa. Kwa miezi hiyo miwili, familia yenye kaka mgonjwa na gobole darini ingeweza kulitoa bila kukiri chochote. Wagonjwa hawaugui kwa ratiba ya tangazo, hilo ndilo tatizo. Kama msamaha ungekuwa wa mwaka mzima kwa anayesalimisha kwa sababu ya mgonjwa nyumbani, na ofisi ya kupokea ikawa ya mtendaji wa kata au ya muuguzi wa afya ya akili wa wilaya, mama asingehitaji kuchagua kati ya mtoto wake na jela.

Kwa sasa jambo moja la kifundi, kwa aliye kwenye hali hii usiku wa leo. Gobole siyo bastola. Linahitaji baruti, marisawa, kitu cha kuwasha, na muda wa kushindilia. Vikitoka nyumbani vyote, na kama halijashindiliwa tayari, kilichobaki darini ni bomba la chuma.